Kukata tiketi ya nje kwa maili ukiwa Dar: programu ipi, na uanzie wapi

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Nimepanda Ethiopian mara kadhaa, maili zangu nazitumiaje?" "Nina maili elfu ishirini za Emirates, zinanifikisha wapi?" "Mbona tiketi ya bure inanidai dola mia mbili?" Basi nimeyaweka majibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata akiwa na simu mkononi.

Shika jambo moja kabla ya mengine: ndege unayopanda na programu unayowekea maili (yaani mpango wa shirika la ndege wa kumpa abiria pointi, ziitwazo maili) si lazima ziwe za shirika moja. Leo unaweza kupanda Ethiopian pale Terminal 3 na maili zako zikaingia kwenye akaunti ya Air Canada. Wengi hawalijui hili, ndiyo maana unamkuta mtu ana vimaili vidogovidogo kwenye programu tano na hakuna hata moja inayomtoa nje ya Afrika Mashariki.

Na ukisoma ushauri wa Wamarekani kuhusu kadi za mkopo zinazomwaga pointi kwa kufunguliwa tu, pita. Kwetu maili hutoka kwenye kupanda ndege, na mara mojamoja kuzinunua wakati wa ofa.

Vitu vya kuwa navyo

- Pasipoti, iwe wazi mbele yako wakati wa kujisajili. Usitegemee kumbukumbu wala kitambulisho cha NIDA.
- Barua pepe ambayo utakuwa nayo miaka kumi ijayo. Ya kazini haifai.
- Orodha ya safari zako za nje za mwaka huu na uliopita: shirika, njia, na tiketi yenyewe kama bado unayo.
- Kadi inayokubali malipo ya mtandaoni kwa fedha za kigeni. Kadi ya benki au ile kadi ya Visa ya M-Pesa inaweza kutosha, ilimradi kikomo chake kibebe tozo.
- Tarehe zinazoweza kusogea. Mwenye tarehe moja tu, tena ya Desemba, anunue tiketi ya pesa tu.

Hatua ya 1: Anza na unakokwenda

Andika mahali pawili unapokwenda kweli, au unapotaka kwenda ndani ya miaka miwili. Guangzhou kufuata mzigo? Jeddah kwa umra? Mtoto anasoma Uingereza? Matibabu India? Jibu hilo ndilo linalochagua programu. Anayeanza kwa kuuliza "programu gani ni nzuri" hatapata jibu la maana, kwa sababu inayomfaa mtu wa London inaweza kuwa mzigo kwa mtu wa Mumbai.

Hatua ya 2: Jua nani yuko na nani

Mashirika mengi makubwa yamejipanga kwenye miungano mitatu. Ukiwa ndani ya muungano, maili za shirika moja hununua kiti kwenye ndege ya mwenzake.

- *Star Alliance*: kutoka Dar utakutana na Ethiopian, Turkish na EgyptAir. Nje ya hapo wamo Lufthansa, United, Air Canada, Singapore Airlines na wengine.
- *SkyTeam*: Kenya Airways na KLM. Wamo pia Air France, Delta na Saudia.
- *Oneworld*: Qatar Airways. Wamo pia British Airways, American Airlines na Royal Air Maroc.

Emirates yuko peke yake, hana muungano, ila ana washirika wake wa pembeni, na flydubai anatumia programu ileile ya Skywards. Air Tanzania na RwandAir nao hawamo kwenye miungano hii mitatu, kwa hiyo usitegemee maili zako za Star Alliance zikupeleke Mumbai kwa ndege ya ATCL.

Hatua ya 3: Linganisha programu

Hapa ndipo pa kukaa. Pima kila programu kwa mambo manne: inafika unakokwenda, maili zinakufa lini, inatoza nini juu ya maili, na kama familia mnaweza kuchangia chungu kimoja.

*Star Alliance.* Kwa msafiri wa Dar huu ndio wenye njia nyingi zaidi, maana Addis Ababa, Istanbul na Cairo zote ni milango. Wengi hujiunga na ShebaMiles ya Ethiopian bila kufikiri mara mbili, na si kosa kama unapanda Ethiopian tu na unalenga kupanda daraja la uanachama. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou mara kwa mara, nathubutu kusema hadhi ni bora kuliko tiketi ya bure: mwenye Star Alliance Gold, daraja la juu la uanachama, huongezewa kilo 20, au begi moja pale mizigo inapohesabiwa kwa mabegi. Anayejua bei ya kilo ya ziada pale kaunta hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kama lengo lako ni tiketi, itazame Aeroplan ya Air Canada. Haitozi nyongeza ya mafuta, yaani pesa ambayo mashirika huongeza juu ya tiketi, kwenye tiketi za washirika. Unalipa tozo za viwanja na serikali pamoja na ada ya dola 39 za Kanada. Washirika wake ni zaidi ya 40, wakiwemo Ethiopian, Turkish, EgyptAir, na hata Emirates aliye nje ya muungano. Kwa pointi 5,000 za ziada unaweza kusimama siku kadhaa mjini katikati ya safari. Familia mnaweza kuunganisha pointi. Kasoro yake: akaunti ikikaa miezi 18 bila kitu chochote kuingia au kutoka, pointi zinafutwa.

MileagePlus ya United nayo haitozi nyongeza ya mafuta, na maili zake hazina tarehe ya kufa. Kwa mtu anayesafiri mara moja kila miaka miwili, hilo peke yake linatosha kuichagua. Hasara yake ni kwamba haina jedwali la bei lililo wazi, hivyo kiwango cha leo si lazima kiwe cha mwezi ujao. Miles&Smiles ya Turkish zamani ilisifiwa kwa bei ndogo, lakini ilipandisha viwango mwaka 2024 na sifa nyingi unazosoma ni za kabla ya hapo.

*SkyTeam.* Flying Blue ya KLM na Air France ndiyo ya kutazama kwa Ulaya. Bei zake zinapanda na kushuka kama nauli za kawaida, ila kila mwezi hutoa orodha ya njia zenye punguzo, mara nyingi asilimia 25. Ukipanda KLM au Air France, mwanachama wa kawaida hupata maili 4 kwa kila euro ya nauli. Nauli ya bei ya kutupa inaleta maili za kutupa. Maili hudumu miezi 24, na ukipanda ndege ya muungano saa inaanza upya. Kenya Airways ana programu yake, Asante Rewards. Kama safari zako nyingi ni Nairobi na kurudi, linganisha hizo mbili kwa njia zako halisi kabla ya kuamua.

*Oneworld.* Qatar Airways, British Airways, Iberia na Finnair wote wanatumia sarafu moja, Avios, na unaweza kuzihamisha kutoka akaunti moja kwenda nyingine bila kukatwa. Ya Qatar inaitwa Privilege Club. Ilihamia Avios mwaka 2022. Humo Avios hazifi mradi kuna chochote kimeingia au kutoka ndani ya miezi 36. Faida ya uhamishaji huu ni kwamba kiti kilekile unaweza kukitafuta kwenye programu zaidi ya moja, ukachukua penye tozo ndogo.

*Emirates Skywards.* Ni rahisi kueleweka, ndege zipo, na Dubai Watanzania wanaijua kama mtaa wa jirani. Maili hudumu angalau miaka mitatu, kisha hufa mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa. Familia mnaweza kuchangia kwenye akaunti moja. Tatizo ni nyongeza za shirika juu ya maili, ambazo kwa daraja la kawaida zinaweza kula sehemu kubwa ya faida. Skywards inamfaa anayepanda Emirates kweli. Anayepanda mara moja kwa miaka mitatu atakusanya hewa.

Maoni yangu, kama unataka mtu akuchagulie: Star Alliance weka moja (Aeroplan kama unasafiri kila mwaka, United kama ni nadra), halafu ongeza Privilege Club au Skywards kutegemea ndege unayoipanda zaidi. Mbili zinatosha. Flying Blue ichukue nafasi ya mojawapo pale tu safari zako zinapopita Amsterdam, Paris au Nairobi.

Hatua ya 4: Jisajili kwa jina la pasipoti

Kujiunga ni bure kwenye programu zote nilizozitaja. Sisi wenye majina matatu ndipo tunapojikwaa. Fungua pasipoti, tazama mstari wa jina la ukoo na mstari wa majina mengine, kisha jaza hivyohivyo. Kama pasipoti inasema Mwakalinga kwenye ukoo na Neema Joseph kwenye majina mengine, usijiandike Neema Mwakalinga kwenye programu, Neema Joseph kwa wakala na Joseph Neema kwenye Avios. Mfumo utaona watu watatu.

Ukikata tiketi kwa wakala, mpe namba yako ya uanachama siku hiyohiyo aiingize kwenye bukingi. Akisahau, iseme kaunta wakati wa kuchekiin.

Hatua ya 5: Soma herufi ya nauli

Kwenye tiketi, karibu na namba ya ndege, kuna herufi moja: Y, M, Q, U, na kadhalika. Hiyo ndiyo inayoamua maili utakazopata unapowekea programu ya shirika lingine. Herufi mbili tofauti, viti vimepakana, chakula kilekile, lakini mmoja anapata asilimia 100 ya umbali na mwenzake 25, au sifuri. Kila programu ina ukurasa wa washirika wenye jedwali la herufi hizo. Lisome kabla ya kununua. Nauli za vikundi zinazouzwa na mawakala mara nyingi hazina maili kabisa, uliza wazi, "Hii tiketi inaingiza maili?"

Hatua ya 6: Tafuta kiti kabla ya kutafuta maili

Ingia kwenye tovuti ya programu, chagua kulipa kwa maili au pointi, weka DAR na unakokwenda. Viti vya washirika vya Star Alliance vinaonekana vizuri kwenye tovuti za United na Aeroplan. Vya Qatar tafuta kwa Qatar na kwa British Airways.

Mashirika mengi hufungua viti siku 330 hadi 360 kabla ya safari, na huwapa washirika viti vichache tu. Kwa hiyo kuna nyakati mbili nzuri: mapema sana, au wiki za mwisho pale shirika linapoona ndege haijai. Likizo za Desemba, msimu wa hija na mwaka mpya wa Kichina ni vigumu kwa vyovyote.

Ukikosa njia nzima, ivunje. Tafuta kwanza Addis hadi unakokwenda, kisha Dar hadi Addis. Ukijua kipande kipi kina kiti, utajua siku ya kusogeza.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Chukua nauli ya pesa ya safari ileile, toa tozo utakazolipa kwenye tiketi ya maili, gawanya kwa idadi ya maili. Kwa mfano wa kubuni: nauli dola 800, tozo dola 150, maili 40,000. Inabaki 650, ukigawanya kwa 40,000 unapata senti 1.6 ya dola kwa kila maili.

Mimi chini ya senti 1 silipi kwa maili, nalipa pesa. Kati ya 1 na 1.5 inategemea kama maili zinakaribia kufa. Daraja la biashara ndipo hesabu hupanda sana, lakini jiulize kwa ukweli kama ungeinunua hiyo tiketi ya dola 3,000 kwa pesa yako. Kama usingeinunua, usijihesabie kwamba umeokoa dola 3,000.

Anayekwenda Uingereza aangalie safari ya kurudi. Serikali ya huko hutoza kodi kwa kila abiria anayeanzia safari kwao: kuja huku ni zaidi ya pauni 80 daraja la kawaida, na daraja la biashara ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Maili haziifuti. Watoto chini ya miaka 16 daraja la kawaida hawatozwi. Ndiyo maana wengine huenda London kwa maili na kurudi wakianzia mji mwingine wa Ulaya, kama viza yao inaruhusu.

Hatua ya 8: Hamisha au nunua mwishoni, kisha kata

Ukishaona kiti na hesabu imekubali, ndipo ununue maili zilizopungua au uhamishe Avios. Kinyume chake ni hatari: maili zilizonunuliwa hazirudishwi, na bei ya programu inaweza kupanda bila taarifa. Hakikisha kadi yako ina salio la tozo kabla ya kubonyeza, kwa sababu kiti hakikusubiri uende kwa wakala wa M-Pesa.

Hatua ya 9: Hakiki tiketi

Kupata namba ya bukingi yenye herufi sita hakumaanishi tiketi imetoka. Tafuta kwenye barua pepe namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 071 Ethiopian, 157 Qatar, 176 Emirates, 074 KLM, 235 Turkish, 706 Kenya Airways, 014 Air Canada, 016 United. Ukikata Ethiopian kwa Aeroplan, itaanza na 014, na hilo ni sawa. Kisha omba namba ya bukingi ya shirika linalorusha ndege, ingia kwenye tovuti yao, chagua kiti na uone kilo za mizigo. Usikisie kilo.

Makosa yanayorudiwa

*Viza ya kupita.* Tiketi za maili hupenda kuzungusha watu. Marekani inadai viza hata kama unabadilisha ndege tu. Ukiona njia inakupitisha nchi usiyoijua masharti yake, au inayokuhamisha kutoka Heathrow kwenda Gatwick, simama kwanza uulize.

*Tiketi mbili zisizojuana.* Unatoka Mwanza kwa tiketi ya pesa, unaunganisha Dar kwa tiketi ya maili. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikuhusu, hakuna atakayekungoja. Ndege za ndani na za nje zinatumia majengo tofauti pale Julius Nyerere, mzigo unauchukua na kuuchekiin upya. Acha saa nyingi, au njoo jana yake. Na anayekaa Mbagala au Mbezi asiihesabu Barabara ya Nyerere saa kumi na moja jioni kama dakika ishirini.

*Kuuza na kununua maili mitaani.* Kwenye magrupu ya WhatsApp wapo wanaouza "tiketi za maili" nusu bei. Programu zinakataza biashara hiyo. Akaunti ikifungwa, tiketi inafutwa, na anayegundua ni wewe ukiwa kaunta na mabegi.

Mambo yakikwama

*Maili hazijaingia.* Subiri wiki mbili, kisha jaza fomu ya kudai. Utahitaji namba ya tiketi na mara nyingi boding pasi, kwa hiyo piga picha kabla hujaitupa. Programu nyingi zina kikomo cha miezi sita hivi. Safari ikishaingia kwenye programu moja huwezi kuidai kwenye nyingine.

*Jina halifanani.* Ukiligundua kwenye akaunti, tuma nakala ya pasipoti uombe marekebisho. Likiwa kwenye tiketi, piga simu leo, usisubiri wiki ya safari.

*Kiti kinaonekana, lakini hakikatiki.* Hicho ni kiti hewa: tovuti inaonyesha kitu ambacho shirika limeshakitoa. Kijaribu kwenye tovuti ya programu nyingine ya muungano huohuo. Kisipoonekana huko, achana nacho, na usihamishe Avios kwa ajili yake.

*Kadi inakataa.* Mara nyingi ni benki haijafungua manunuzi ya mtandaoni, au kikomo cha siku ni kidogo. Piga simu benki ukiwa bado kwenye ukurasa. Kama kadi inatuma namba ya siri ya mara moja, hakikisha laini iliyosajiliwa iko hewani.

*Shirika limebadili ratiba au limefuta ndege.* Zungumza na programu iliyotoa tiketi, siyo shirika la ndege; ile namba 014 au 157 inakuambia ni nani. Ndege ikifutwa, dai urudishiwe maili na tozo zote, au omba ndege nyingine ya muungano hata kama haionyeshi viti vya maili. Ombi la pili wakala wa simu hatalitaja yeye. Mtajie wewe, na namba ya ndege unayoitaka.

*Maili zinakaribia kufa.* Kwa Avios na Aeroplan, ununuzi mdogo wa pointi unatosha kusogeza tarehe. Kwa Skywards tarehe haisogei kwa namna hiyo, kwa hiyo tafuta safari fupi ya kuzitumia, au mchanganyie pesa na maili kwenye tiketi ya mwenzako nyumbani.